Kuuza Mvua ya Argyll

Sijawahi kufika Argyll. Naanza na hilo kwa sababu nyinyi mnaokalia dawati langu sasa mtaulizwa na wateja, nanyi mtatamani kudanganya. Msidanganye. Mimi niliiuza kaunti ile ya magharibi mwa Uskoti kwa zaidi ya miaka kumi, nikiwa Al Mansoura, Doha, dirisha langu likitazamana na duka la fundi wa abaya, na kila mteja aliyeniuliza kama nimefika huko nilimjibu hapana. Wengi walibaki kwenye kiti. Wale walioinuka wakaondoka niliwafikiria wiki nzima.

Mmeniomba niandike ninayoyajua kabla hayajanitoka. Neno kustaafu linanipa aibu kidogo, maana sijafika umri ambao kwetu Bungoma mtu hufanyiwa karamu na kuvishwa blanketi. Lakini kazi ya dawati nimeiacha na sirudi, na sijui jina jingine la jambo hilo. Nimelitafuta.

Nilifika Doha miaka ya elfu mbili, nikiwa nimemaliza chuo juzi, na shahada ya utalii niliyoibeba kwenye mkoba wa mkononi kwa kuogopa mizigo isije ikapotea. Chuoni tulifundishwa simba, hoteli za mbugani na namna ya kumpokea Mzungu anayelalamika. Hakuna aliyetufundisha kumtuma Mwarabu Ulaya. Nilipanga chumba na wasichana wawili wa hotelini, hatua chache kutoka ofisini, na bado nilikuwa nikiondoka nyumbani mapema kama mtu anayevuka mji. Ijumaa tulikwenda kanisani Abu Hamour. Nakumbuka niliwahi kuomba kuhusu bei za tiketi za watoto, jambo ambalo sidhani lilikuwa juu kwenye orodha ya Mungu.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Rukia. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Mombasa, mnene, mtulivu, aliyekaa Doha muda mrefu kiasi cha kuzungumza Kiarabu cha hapa kama wenyewe. Siku yangu ya kwanza alinipa mteja mmoja wa kujaribia. Yule bwana alitaka kupeleka familia Uskoti mwezi wa saba, akaniuliza hali ya hewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikamhakikishia kwamba mwezi wa saba mvua hupungua na kuna siku nzuri za jua. Akanishukuru kwa heshima, akaenda zake.

"Umemwambia nini yule?" Bi Rukia akauliza.

"Kwamba jua lipo."

"Wamfukuza mteja kwa jua, mwanangu? Hebu toka nje kidogo."

Nikatoka. Nikasimama kwenye lami mpaka nikahisi soli za viatu. Niliporudi alikuwa anakunywa chai yake ya karak wala hakuinua macho.

"Umeona nini?"

"Joto, Bi Rukia."

"Basi. Yeye alikuja kwako akilikimbia hilo, nawe wamwahidi jengine dogo la Ulaya. Mtu wa hapa mawingu yakija hutandika mkeka nje na watoto akawatoa. Uza mvua. Uza baridi. Ukungu ukiwa nao, uza."

Tangu siku hiyo niliuza mvua, na Argyll inayo. Nilijifunza kusema bila kusita kwamba mteja atalowa. Nilimwambia pia kuhusu usubi, wale wadudu wadogo wa jioni wanaouma, kwa sababu mtu akilowa hufurahi lakini akiumwa bila kuonywa hupiga simu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Ramani kubwa ukutani, simu, faksi ambayo ilichelewa kufa, na uzi wa sufu mwekundu. Huo uzi ndio nataka muutunze. Ratiba za zamani za ofisi zilikuwa zimepangwa kwa rula na mudiri wetu, meneja, ambaye alipima kila kitu kwa barabara ya Dukhan: kilomita mia, saa moja, khalas. Lilikuwa kosa la mji mzima, si lake peke yake. Anayeishi mahali ambapo barabara imenyooka na dunia ni tambarare hawezi kuamini kwamba kuna nchi ambayo barabara hulizunguka ziwa kwa sababu ziwa limekataa kusogea. Familia moja ilipangiwa kula asubuhi Oban, kuzuru abasia ya kisiwa cha Iona adhuhuri, kuona mawe ya kale ya Kilmartin alasiri, na kulala Glasgow. Walipofika Iona, baada ya feri, na barabara ya gari moja ambayo ukikutana na mwenzako, mmoja wenu anarudi nyuma, na feri nyingine isiyobeba gari la mgeni, feri ya mwisho ya kurudi ilikuwa inawasubiri wao tu. Bi Rukia akamnyang'anya mudiri rula. Akaniletea uzi. Unaulaza juu ya ramani, unaufuata kila kona, kisha unaunyoosha, halafu unaongeza nusu yake kwa ajili ya kondoo barabarani.

Niliyakariri maeneo yale kama mtu anayesomea mtihani usio na tarehe. Nilijua kwamba kwenye mwamba wa Dunadd kuna alama ya unyayo iliyochongwa, ambapo wanasema wafalme wa kale walisimikwa, na kwamba kila mtoto atataka kuweka mguu wake hapo, kwa hiyo muwape nafasi. Nilijua kwamba Inveraray ni mji mdogo mweupe kando ya maji, wenye kasri na jela ya zamani ambayo watu hulipa kuingia. Madereva wetu wa Kiganda waliniomba niwaeleze hilo la jela zaidi ya mara moja. Nilijua kwamba mashua ya kwenda Staffa, kule kwenye pango lenye nguzo za mawe, inaweza kufika na isishushe mtu kwa sababu ya mawimbi, na kwamba hilo lazima lisemwe kabla ya malipo. Glencoe ilinisumbua sana. Ramani za zamani zinaiweka ndani ya Argyll, mpya zinaitoa. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza. Mimi nililala nikiliwaza.

Vipeperushi vya hoteli vilileta shida ya aina yake. Wenye makasri ya Uskoti hujivunia mizuka. Huandika kwa herufi kubwa kwamba chumba fulani kina bibi wa kijani anayetembea ngazini. Bi Rukia alikuwa na mkasi maalumu wa kurasa hizo.

"Mtu amlipie jini kitanda?" alikuwa akisema, huku anakata. "Na watoto wadogo wamo."

Nimeyasema haya yote ili mjue kazi ilivyokuwa kabla ya siku alipoingia Umm Khalid.

Aliletwa kwa kiti cha magurudumu na mwanawe Khalid, mtu mzima mwenye sauti ya chini, na muuguzi wake, Jerusha, mwanamke wa Kisii niliyemfahamu kwa uso kutoka kanisani. Figo za mama yule zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alilazwa kwenye mashine ikamsafisha damu. Khalid alikuwa amezunguka ofisi kadhaa na kote aliambiwa wasubiri apone.

"Haponi," Khalid akasema. Bi Rukia akanitafsiria polepole. "Madaktari wameturuhusu safari moja, fupi, kiangazi hiki. Hawakusema ya mwakani."

Nikauliza mama anapenda kuona nini. Niliuliza kama nilivyozoea, kalamu mkononi, nikitegemea makasri au bustani. Umm Khalid akajibu mwenyewe, na Bi Rukia akaacha kunywa chai ili amsikilize.

"Anasema alipokuwa mdogo maji yalikuja kwa punda kutoka visima vya nje ya mji. Mamake akimpa kikombe humtazama asimwage. Sasa amekuwa mzee, daktari ampimia kikombe cha kunywa kwa siku, na huyu," Bi Rukia akafuata kidole cha mama hadi kwa Jerusha, "humtazama."

"Na asimwage," Jerusha akasema. Umm Khalid akacheka kabla ya tafsiri.

"Anasema ataka kuona maji ambayo hapana mtu anayeyapima."

Walipotoka, nilimfuata Jerusha hadi mlangoni nikamwuliza itakuwaje akikosa mashine. Nilihitaji kujua mwisho wa jambo kabla sijaanza.

"Figo haitoi maji, Nekesa. Yanabaki mwilini. Miguu inavimba, kisha yanapanda kifuani na anaanza kuzama akiwa kitandani. Kuchelewa saa chache, tutavumilia. Kukosa siku, hapana."

Mudiri hakutaka. Alisimama katikati ya ofisi akasema mama akifia huko watu watasema ofisi hii ndiyo iliyompeleka.

"Na akifia hapa bila kwenda," Bi Rukia akamwuliza, "watasema nani alimkataza?"

Mudiri akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na kwake hiyo ilikuwa ndiyo.

Kupata nafasi kwenye hospitali ya Glasgow kulichukua wiki nyingi za barua na vipimo vya damu, na sitawachosha nazo. Tulikubaliwa Jumatatu na Jumatano. Kati ya siku hizo mbili palikuwa na mwanya, na ndani ya mwanya huo niliiweka Argyll: Jumanne asubuhi waondoke Glasgow, wapande kando ya ziwa la Loch Lomond, wavuke mlima, washuke Inveraray, walale usiku mmoja kwenye nyumba ya kando ya maji, Jumatano asubuhi warudi kwa barabara ileile, mama awe kitandani kwake hospitalini alasiri. Niliulaza uzi kwenye ramani mara nyingi hadi ukaanza kutoa manyoya. Niliandaa ratiba tatu za rangi tatu. Khalid akachagua ya kwanza bila kuzisoma zile nyingine, na nilikerwa kidogo.

Wiki hiyo Bi Rukia alikuwa Mombasa kumwoza binti yake. Siku aliyoondoka alinikuta nikiandika ratiba ya nne.

"Wewe wajua kila kitu," akasema, "na hiyo ndiyo shida yako. Wakikupigia simu wape neno moja. Aliye njiani hawezi kubeba mengi."

Jumanne Jerusha alipiga simu kwa furaha. Mvua ilikuwa imeanza walipovuka mlima na haikuwa imekatika. Umm Khalid alikuwa amekaa dirishani, amejifunika blanketi mbili, anatazama nje kama anayetazama harusi. Khalid alikuwa amepika wali mwenyewe. Niliifunga simu nikajisikia mtu wa maana, na hilo lilinitia wasiwasi.

Jumatano, karibu saa nane mchana ya Doha, simu ililia tena.

"Nekesa, uko karibu na ramani?"

"Niko."

"Polisi wameturudisha. Mlima umeteremka barabarani."

"Mlima gani?"

"Wewe ndiye mwenye majina. Mimi naona matope na mawe makubwa kama hii gari, na mtu wa koti la manjano anatuonyesha turudi. Anasema si leo."

Nilijua ni wapi bila kutazama. Ni kupanda kwa mwisho kabla ya kushuka kuelekea Loch Lomond. Askari waliochonga barabara ile zamani waliacha jiwe pale juu, lenye maneno ya kumwambia msafiri apumzike na ashukuru. Nilikuwa nimeliweka jiwe hilo kwenye ratiba kama mahali pa picha. Mteremko wa pale hulegea mvua ikizidi, na mvua ndiyo tuliyoiagiza.

Palikuwa na njia mbili za kutoka. Ya kwanza ilikuwa kushuka kusini hadi Dunoon, wavuke kwa feri, watokee upande wa Glasgow. Kwa uzi ilikuwa fupi. Ya pili ilikuwa kurudi nyuma mpaka Inveraray, kupanda kaskazini hadi Dalmally kwenye kichwa cha Loch Awe, kukata mashariki katikati ya milima, ndipo washuke tena. Kwa uzi ilikuwa ndefu mno, na wangeendesha dakika nyingi za mwanzo wakiipa Glasgow kisogo, wamembeba mwanamke anayeihitaji.

Nilimwambia Jerusha asikate. Kwa simu nyingine nikawapigia watu wa feri. Mama mmoja akaniambia kwa upole kwamba feri inafanya kazi, kwa sasa. Nikamshukuru. Nikabaki na yale maneno mawili ya mwisho. Upepo ulikuwa unaongezeka. Kama feri ingesimama wakiwa wamefika Dunoon, wangekuwa mwisho wa rasi, maji mbele yao na mlima uliofungwa nyuma yao, na ingebidi waanze upya kutoka mbali kuliko walipokuwa. Kwa upande mwingine, njia ndefu nayo inapita chini ya milima, na hiyo ilikuwa siku ya milima kuteremka. Kwa upande mwingine tena, gari zote zilizorudishwa zingekimbilia feri. Na kama nusu yake zingekimbilia Dalmally?

Khalid alichukua simu. Nikaanza kumweleza kwa Kiingereza faida za feri, kisha hatari zake, kisha nikarudi kwenye faida.

"Dada," akasema. Nilisikia vifuta maji vya kioo vikienda na kurudi nyuma ya sauti yake. "Niambie moja."

Nilitazama ramani. Natamani kuwaambia kwamba nilihisi uhakika. Sikuuhisi wakati huo na sijauhisi hata leo.

"Rudi Inveraray," nikasema. "Panda Dalmally."

"Hiyo ndiyo?"

"Hiyo ndiyo."

Akanirudishia Jerusha. Mudiri alikuwa amesimama mlangoni kwake, amesikia yote. Nikapiga simu hospitalini Glasgow. Muuguzi wa zamu alinisikiliza mpaka nikamaliza, nami sikumaliza upesi. Akasema nafasi ya alasiri ataipa mtu mwingine, na mama yetu atamwingiza zamu ya jioni. Baada ya zamu hiyo wanafunga. Nikamwuliza kama ana uhakika. Akasema, mpenzi, jina nimeshaliandika.

Basi mwanya ukaongezeka kidogo, nami nikawa mtu pekee duniani anayejua kiasi gani.

Walikuwa wamelipita Loch Awe Jerusha alipopiga tena. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ya chini.

"Sikia. Huku ni maji kila mahali. Milima yote imetoa maji, meupe, yanashuka kama mtu amemwaga. Mengine yanapita chini ya barabara, mengine juu. Mama anataka tusimame."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anataka kutawadha. Anasema saa ya adhuhuri imeingia na hayo maji ameyaona. Khalid anaogopa kuchelewa. Mimi pia naogopa, sitakuficha. Anauliza wewe unasemaje."

Nikamwuliza miguu ya mama ikoje. Akasema imeanza. Kifua? Akasema bado safi, anaongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Nikatazama saa ya ukutani, nikaondoa saa mbili za tofauti yetu na wao, nikahesabu tena, nikahesabu mara ya tatu kwa sababu mara mbili za kwanza zilikubaliana na hilo lilinitia shaka. Mtu mwenye akili timamu angesema endesheni. Ratiba zangu zote maishani zingesema endesheni. Nilikuwa nimepata muda wa akiba na kazi yangu ilikuwa kuulinda.

Kisha nikamkumbuka alivyokaa pale kwenye kiti, kidole kikimwelekea Jerusha, na ndipo nilipoelewa kwamba niliuomba ule mwanya hospitalini bila kujua ni wa nini.

"Simameni," nikasema. "Atawadhe. Msiswali hapo kwa mvua, aswalie garini. Halafu mwende moja kwa moja."

"Nekesa, una uhakika?"

"Hapana. Simameni."

Simu ikakatika. Huko kati ya milima mawimbi ya simu ni haba, hilo niliwaandikia wateja kwenye kila ratiba, na sasa nilikuwa nalisoma kwa ajili yangu. Nilikaa. Mteja aliingia kuuliza Malaysia nikamwuzia Malaysia, sijui namna gani. Mudiri aliniletea chai kwa mkono wake, akaiweka juu ya ramani, akaona ameiweka juu ya ramani, akaiondoa. Fundi wa abaya wa ng'ambo ya barabara alikuwa amekwisha washa taa za dukani kwake Jerusha alipopiga tena.

"Yuko kwenye mashine," akasema. "Mguu wa kushoto umefura, kifua kizuri. Muuguzi wa hapa amemgombeza Khalid kidogo halafu akamletea sandwichi. Nitakuambia. Acha nikae kwanza."

Aliniambia Ijumaa ya wiki iliyofuata, tumesimama uani pa kanisa Abu Hamour, kwenye kivuli kidogo cha ukuta, watu wakitupita na watoto wao. Nilimwomba anieleze kila kitu na akanieleza, bila haraka, kama anavyoripoti mgonjwa.

Khalid alisimamisha gari kwenye upana wa barabara, mahali ambapo kijito kilikuwa kinaruka kutoka kwenye jabali na kupita mtaroni. Walimgeuza mama kitini, miguu nje. Jerusha alikuwa na chupa ya maji garini, ile wanayotumia kila siku kumtawadhisha, akaanza kuifungua. Mama akaisukuma. Khalid akampeleka mikononi, amembeba kama mtoto, mpaka pale maji yanapoanguka, naye mwenyewe akaingia mtaroni na viatu vyake. Mama akaosha viganja. Akasukutua kinywa, na hapo Jerusha alimkazia macho kwa mazoea, lakini mama aliyatema yote, akamtazama Jerusha huku anayatema, tone kwa tone. Akaosha uso, mikono mpaka kwenye viwiko, akapaka kichwa. Miguu Khalid alimwosha kwa mkono wake. Ilikuwa imevimba kiasi kwamba maji yalikuwa yanakaa kwenye vishimo vilivyoachwa na vidole vyake.

"Nimemtawadhisha yule mama kila siku, miaka," Jerusha akasema. "Kwa kikombe. Nilikuwa sijui anaweza kutawadha muda mrefu namna ile. Nilitaka kusema yatosha, tumechelewa, nikashindwa. Huwezi kumwambia mtu yatosha na maji yenyewe hayaishi."

Nikamwuliza kama mama alisema chochote.

"Alisema yana baridi." Jerusha akajipangusa shingo kwa leso. "Alirudia mpaka Glasgow. Yana baridi, yana baridi. Kama anamsifu mtu."

Umm Khalid alifariki Doha wakati wa baridi, nyumbani kwake. Bi Rukia alikwenda kwenye matanga ya wanawake akanichukua nami; nilikaa karibu na mlango nikiwaza kama nimevaa inavyotakiwa. Jerusha alikuwa amekwisha kupata mgonjwa mwingine, mji wa Wakrah. Katika kazi hii mnajua siku chache za maisha ya mtu, mkizijua vizuri mno, na nyingine zote hamzijui.

Kiangazi kilichofuata Khalid aliingia ofisini akiwa na watoto wake watatu. Walikaa kwenye viti vya wateja wakiyumbisha miguu. Bi Rukia akamkaribisha, akamwuliza hali, akamwombea marehemu, kisha kwa mara ya kwanza akainuka na kuniachia mteja wa Kiarabu peke yangu, akaenda kusimama nyuma karibu na birika.

Khalid alitaka Argyll. Nyumba ileile kando ya maji, Jumanne ileile, kurudi Jumatano asubuhi.

Nilitandaza ramani. Sikumwandalia rangi tatu. Nikaweka kidole Inveraray, nikakipandisha kuelekea mlimani, nikamwambia nina habari njema: barabara ya juu ilikwisha safishwa zamani, iko wazi, na wakipita huko watafika Glasgow mapema sana, hawatahitaji kuzunguka tena.

Alikitazama kidole changu. Mdogo wa watoto alikuwa ameinuka na kuja kuegemea goti lake.

"Mama hakurudi kwa njia hiyo," akasema.

Nikaondoa kidole. Nikachukua kalamu, nikaandika Dalmally.